Namba Kumi na Moja, Ijumaa Saa Saba

Miaka ya tisini ikielekea kwisha, chuo chetu kule Temeke hakikuwa na waya wa simu wa kuaminika. Ukivutwa leo, keshokutwa wezi wa shaba wameshaukata. Basi wakubwa wakaamua tuwe na mtandao wa redio: antena juu ya paa letu itazamane na antena ya makao makuu, upande wa Mwenge, na imeili zipite hewani. Mie nikawa mtunza seva, meza yangu iko karakana. Cheo kikubwa, lakini kazi yenyewe kufuta vumbi na kuomba umeme usikatike.

Aliyezifunga antena zile ni mzee mmoja wa karakana, mtu wa pwani, mzaliwa wa Temeke hiyohiyo. Ndiye aliyenifundisha kazi, mie mtu wa bara nisiyejua hata kuchomea lehemu. Kila asubuhi nikimwamkia shikamoo, anaitika, "Marahaba mwanangu, umekula?" Na kama sijala, ananimegea chapati yake.

Ijumaa mchana wenzetu wote wa karakana walikuwa wanakwenda kuswali. Mie peke yangu ndiye nisiyekuwa Mwislamu pale, kwa hiyo nilikuwa nakwenda kwa mama ntilie na makarani, maana pilau ya Ijumaa haisubiri mtu. Ijumaa moja mvua ikatishia kunyesha, nikarudi kuchukua mwavuli. Nikamkuta mzee kakaa kwenye kompyuta ya karakana, kanzu mwilini, kidole kimoja kinasaka herufi.

Alishtuka, kisha akaniambia yote. Binti yake yuko ng'ambo, alikwenda kusoma, akaolewa huko na mtu asiye wa dini yao. Ukoo ukakaa kikao, kaka mkubwa wa mzee akamtaka mzee atamke mbele ya watu kwamba yule si mwanawe tena. Akatamka.

"Nilitamka kwa mdomo tu, mwanangu," akasema. "Moyo haukuja kikaoni."

Ijumaa saa saba ndiyo saa pekee karakana inapokuwa tupu. Anaswali adhuhuri yake palepale kwenye mkeka, kisha anamwandikia binti, na kusoma alichojibiwa wiki iliyopita. Nikaapa sitasema, na kweli sikusema. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mie.

Akaja mhadhiri kijana wa makao makuu, anafanya utafiti. Anataka kujua mtandao wa redio unatumiwaje: nani, siku gani, saa ngapi, kutoka jengo lipi. "Ni takwimu tu, braza," akaniambia. "Tukiwaonyesha wafadhili, tunapata antena nyingine."

Seva ilikuwa inayaandika yote hayo yenyewe. Lakini nikaona haifai kutoa majina ya watu. Nikatumia siku mbili nzima kufuta kila jina na kuweka namba. Mzee akawa namba kumi na moja. Siku, saa na jengo nikaviacha, maana ndivyo alivyokuwa anavitaka. Nilijiona mjanja, nikajinunulia na soda! Disketi nikamkabidhi kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwezi uliofuata akaja kutuonyesha alichokipata. Wafanyakazi wote tukaitwa ukumbini. Akabandika ukutani karatasi za manila, michoro imepakwa rangi, inapendeza kweli.

"Tazameni Ijumaa," akasema. "Saa saba chuo kizima kimelala. Isipokuwa mtumiaji mmoja, jengo la karakana, kila wiki."

Watu wakacheka. Karani mmoja akapaza sauti, "Karakana? Si mnakuwaga msikitini nyie?"

Mungu wangu. Nikasimama, nikasema, "Ni mie."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Wewe?" akasema karani yuleyule. "Wewe unayegombania ukoko wa pilau na mie kila Ijumaa? Kaa chini bwana!"

Nikakaa. Fundi mmoja kijana wa karakana akageuka nyuma taratibu. "Mzee," akauliza, bila ubaya wowote, "wewe si huwa unasema unaswali msikiti wa kule kwako?"

Mzee aliinamisha kichwa. Alikuwa anaitazama mikono yake. Kicheko kikakatika.

Mji huu hauna siri ya siku mbili. Kabla ya Jumapili kaka yake ameshapata habari, na kwa kumbana kidogo tu akajua kilichokuwa kinaandikwa. Ukoo ukamwapisha mzee kwa Msahafu: hataandika tena, wala hatasoma hata mstari mmoja.

"Jina umelificha, mwanangu," aliniambia Jumatatu. "Ijumaa umeiacha wazi." Hakunigombeza. Bora angenitukana, wallahi, bora angenizaba kibao.

Nikamwambia basi nimwandikie mie binti, nimweleze. Akatikisa kichwa. "Kiapo ni kiapo. Halafu utamwambia nini? Kwamba baba yake amemkana mara ya pili?"

Nikamfuata mhadhiri, nikamsihi anirudishie disketi. Akanishangaa. Alishawagawia wenzake wa vyuo vingine, na wengine wa nje, ndivyo utafiti unavyofanywa. "Hofu ya nini, braza? Namba tupu hizo." Kumweleza ni kuimwaga siri upya. Nikaondoka na hasira zangu.

Kila Jumatatu nilikuwa nachapa taarifa ya seva. Namba kumi na moja: imeili zimeingia tatu, hazijafunguliwa. Wiki nyingine zimeingia nne. Funguo zote za seva ninazo mie, na hakuna hata moja niliyoweza kuitumia. Nikawa nasoma hesabu ile: mbili, kisha moja, wiki mbili hakuna, kisha moja tena. Baada ya hapo sifuri, mwezi mzima, kisha mwezi mwingine.

Mzee hakuwahi kuuliza. Siku moja tu, tuko juu ya paa tunakaza antena iliyoyumbishwa na upepo, akasema bila kunitazama, "Bado zinaingia?"

Karatasi ya asubuhi ilikuwa mfukoni mwangu, sifuri ileile.

"Zinaingia, mzee," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema, akaniomba spana.