Nimeuza Altezza yangu Mbeya, majirani wakafurahi kuliko mnunuzi

Wakuu, heshima kwenu kutoka kwenye baridi ya Mbeya. Haya yamenitokea mwenyewe, siongezi chumvi. Mods mkiona nadanganya futeni uzi.

Nilikuwa na gari aina ya Altezza, manual, ya Japan. Niliitunza kuliko ninavyojitunza mimi. Nimeishusha, nimefunga rims mpya, na ekzosi nikaweka ya sport, ile ukiwasha asubuhi mabati yanatetemeka.

Sasa mke wangu ana ujauzito wa tatu, na gari iliyoshushwa na barabara ya mtaani kwetu, nyuma ya Mwanjelwa, vilishagombana siku nyingi. Nikaamua kuuza. Dalali sikutaka, maana nilitaka nimjue anayeichukua.

Akaja kijana anaitwa Deo, wa Kihesa, Iringa. Mpole sana. Alikagua kila kitu, akalala hadi chini ya gari. Tukapiga test drive, akaridhika.

Tuliporudi nyumbani, mimi na sifa zangu nikakanyaga mafuta gari ikiwa imesimama, ausikie ule mlio vizuri. Watu wakatoka majumbani.

Nikamwambia, "Unaona? Mtaa mzima wanaipenda hii gari."

Na wakuu, niliamini kabisa. Miaka yote watu wakisimama kuangalia nilijua ni mashabiki.

Jirani yangu Mama Sekela akavuka na mfuko wa maparachichi. Kwangu hakuja, akaenda moja kwa moja kwa Deo.

"Mwanangu, unaondoka nayo leo?"

"Tukielewana na kaka, ndiyo mama."

"Basi beba haya ule njiani. Usighairi, baba."

Deo akanigeukia, sura imebadilika. "Kaka, mbona wanataka iondoke? Kuna kitu umenificha?"

Nikaona biashara inakufa. Nikamwomba Mama Sekela amwambie ukweli, nikijua atanisafisha.

Akamgeukia Deo.

"Gari ni nzima, mwanangu. Ni mlio tu. Mzee wangu amepooza upande. Kila ikiwashwa asubuhi anashtuka, chai inammwagikia, analia kama mtoto. Nimemhamishia kitanda jikoni, na huko nako anasikia."

Ndipo nikagundua injini bado inanguruma. Nikazima.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Siku alipoanguka, wewe ndiye ulimkimbiza hospitali. Kwa hiyo hiyo gari."



Deo aliichukua, ila alikataa kuiwasha pale. "Tuisukume hadi lami," akasema. Tukaisukuma, mimi na yeye na wale wale niliowaita mashabiki. Hakuna aliyenicheka. Bora wangenicheka.

Ilipoondoka nikaenda kumwona mzee, mume wa Mama Sekela. Nyumba ziko ukuta kwa ukuta, lakini tangu arudi kutoka hospitali sikuwahi kuingia kumjulia hali. Nilikuwa napita napiga honi, eti ndiyo salamu.

Nilikuwa nimejipanga kuomba msamaha. Akaniwahi. Akanishika kwa ule mkono mzima, na maneno yakawa yanatoka kwa shida:

"Nimesikia... umeuza gari. Pole, mwanangu. Uliipenda."

Mimi ndiye niliyepewa pole.

Nililia pale jikoni, mtu mzima na ndevu zangu, Mama Sekela ananiangalia.

Nilichojifunza ni kwamba jirani akinyamaza, usidhani ameridhika. Pengine anakustahi tu, na wewe unaendelea kumuumiza. Wenye ekzosi kama yangu, kabla hamjakanyaga mafuta kesho, ingieni kwanza kwa jirani mjue nani anaumwa.

Nisemeni mnavyotaka, nastahili. Ila kama kuna aliyewahi kufikwa na hili, anisaidie: ulimwombaje mtu msamaha wakati yeye hana hata kinyongo na wewe?

Maana kwa mzee naenda kila jioni, na bado sijaweza kulitamka neno la msamaha.