Mkasi wa Théodore

Shemeji yangu Théodore alishona suti mtaani Yeoville kwa miaka mingi, mpaka magoti yakakataa kukanyaga cherehani. Mikono ilikuwa bado mizima. Mwaka 2017 jirani yetu Damien, muuzaji katika duka la vifaa vya uvuvi, alimwambia duka linatafuta mtu wa kufunga wadudu wa bandia wa kuvulia samaki aitwaye trauti. Ni kazi ya kukaa. Wadudu wake wangejaribiwa mtoni. Samaki wakikubali, kazi ni yake. Wakikataa, mkewe, mdogo wangu Murielle, angeendelea kulisha nyumba peke yake kwa kusuka nywele.

Mdudu anayeigwa ni yule anayetambaa chini ya mawe mtoni kabla hajaota mbawa. Théodore alizungushia ndoana waya mzito ili izame, akafungia manyoya ya sungura kuwa mwili, na nyuzi za unyoya wa kuku kuwa miguu. Kisha akachukua mkasi, akapunguza kila kilichochomoza. Nguo haikuwahi kutoka kwake na uzi unaoning'inia.

Jumamosi tulikwenda mtoni, upande wa Dullstroom, kwa gari la Damien. Mimi nilifuata kwa sababu ya yale magoti na mawe yenye utelezi. Damien alirusha kamba kuelekea maji yanakotoka, akaacha mdudu ashuke na mkondo karibu na chini. Asubuhi nzima hakuna kilichogusa.

"Papa Théo, hawa umewapeleka kwa kinyozi."

"Ni wasafi."

"Wasafi kama wanakwenda harusini. Geuza jiwe uone."

Théodore aliinama kwa taabu, nami nikamshika mkanda. Chini ya jiwe mdudu alikuwa ametanua miguu, ana vinyweleo kifuani. Théodore alimtazama. Akachomoa sindano kwenye ukosi wa koti, akachokoa manyoya ya mdudu wake mpaka yakasimama ovyo. Uso wake ulionyesha haikumpendeza.

Damien alirusha tena. Kamba ikasimama ghafla, akavuta. Alikuwa trauti wa madoadoa. Damien akamtoa ndoana, akamrudisha majini.

"Tumetoka Yeoville kuja kumwogesha samaki?"

"Ndiyo sheria ya hapa, Papa."

"Basi wewe ndiye utamwambia Murielle. Ameshanunua nyanya."

Kazi aliipata. Anafungia wadudu dirishani, na uzi anaukata kwa wembe. Mkasi ameufungia kabatini. Nilimuuliza kwa nini.

"Mkasi ukiwa karibu, shemeji, mkono unakwenda wenyewe."