Firigisi ya Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, lakini aibu hunifuata hadi jikoni. Jumapili baba mkwe alitutembelea hapa Kakamega, nikamchinjia kuku. Kwetu Waluhya firigisi ni ya mgeni wa heshima. Mimi niliionja chumvi, nikaonja tena, ikaisha.

Mume wangu alikuwa amenionya: "Mzee ana vifaa vipya masikioni. Vina akili mnemba; vinachuja kelele na kubakisha maneno ya watu."

Nikacheka. Mzee ambaye hajawahi kunisikia tangu niolewe!

Mvua ikaanza kupiga mabati. Jikoni, wifi yangu Nekesa alirudia swali mara tatu ndipo nikamsikia.

"Firigisi iko wapi?"

"Nimeila!" nikapaza sauti. "Tutasema kuku wa siku hizi hawana. Kwani huyo kiziwi atajua?"

Nikaenda sebuleni, nikapiga magoti kumnawisha mzee mikono. Mvua bado ilinguruma. Akaniinamia kwa upole.

"Mama, nimesikia kuku wa siku hizi hawana firigisi. Sawa. Huyu kiziwi anauliza tu: ilikuwa tamu?"

Jagi likaniponyoka, maji yote yakaishia kwenye suruali yake.