Chumba Kisichofagiliwa

Kazi yangu ilikuwa kutafuta mbu. Tulitaka kujua mbu wa malaria wanapanda milima ya Uluguru hadi wapi, kwa hiyo kila asubuhi nilipita nyumba kwa nyumba Kinole, natandika shuka nyeupe sakafuni, nafunga madirisha, napuliza dawa, kisha naokota wanaodondoka.

Mama mmoja aliambiwa tangu jana yake kwamba nitakuja. Nilipofika, nyumba ilinuka moshi wa majani. Alikuwa ameamka alfajiri akafagia kuta, akatoa buibui wote, akafukiza vyumba. Mgeni apokelewe kwenye uchafu? Nilichukia, maana moshi huwafukuza mbu niliokuja kuwatafuta, lakini utamgombezaje mtu aliyekuheshimu kiasi hicho?

Mwanawe wa miaka minne alikuwa amelala chumba cha nyuma, homa siku ya tatu. Nikamsihi mama ampeleke zahanati siku hiyohiyo akapimwe malaria.

"Malaria ni ya Dakawa, dada, kwenye majaruba ya mpunga. Huku kwetu hakuna mbu. Ni mafua tu, nimempa chai ya mdalasini."

Sebuleni shuka ilitoka tupu. Chumbani kwa mama pia, ukiacha mende mmoja.

"Si nilikuambia?" alisema, akicheka.

Mimi sikucheka. Kila shuka tupu ilizidi kumbakisha yule mtoto kitandani, nami, aibu iliyoje, nikawa namwomba Mungu anipe mbu.

"Tumalizie cha nyuma," nikasema.

"Huko sijafagia. Sikutaka kumwamsha." Aliona haya kweli.

Alimbeba mtoto nje, kichwa kimemlalia begani, macho hayafunguki. Nikapuliza, nikafunga mlango, nikasubiri dakika kumi zilizonichosha kuliko kupanda mlima. Niliogopa.

Tukaitoa shuka uani, kwenye jua. Mbu watano. Nikamwinua mmoja kwa kibano. Tumbo lilikuwa limevimba, jekundu.

Mama akainama, akamtazama kwa muda.

"Hiyo damu ya nani?"

"Humo analala nani?"

"Yeye tu," alisema.

Alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga safi aliyovaa kunipokea, akashika njia ya zahanati nusu anakimbia, bila kuaga. Nyumba aliyoifagia kwa ajili yangu aliiacha wazi.