Punda Aliyeandikwa Gazetini

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya ndoa yangu. Nimesimama uwanjani karibu na boma la Wajerumani, Morogoro, nimeshika kamba ya punda mweupe wa Maskati, kifua kimenivimba utadhani nimepewa uakida. Kwenye kofia yangu nimechomeka kipande cha gazeti. Kusoma sijui, lakini gazeti ninalo.

Ngoja kwanza, nitarudi hapo. Jana umekuja na gazeti lako, ukalikunjua kwenye mkeka wangu, ukanionyesha picha ya motokaa unayotaka kuinunua kwa yule mwalimu anayehama mjini. Ukanisomea kwamba inatoka iliposimama mpaka mwendo wa maili sitini kwa saa katika sekunde chache kuliko motokaa zote za aina yake. Ukataka mimi, mkubwa wa ukoo, niridhie mavuno ya kahawa yetu yaende huko. Nikanyamaza, ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nimekasirika, na mzee akikasirika ni heri ailalie hasira yake kwanza.

Leo nasema. Ukitaka kuniita mshamba, niite. Nilimkatalia askari wa Mjerumani mwenye bunduki begani. Sitashindwa kukukatalia wewe niliyekubeba mgongoni.

Enzi hizo wanawake wa ukoo wetu walishuka mlimani alfajiri na matenga ya ndizi kichwani, wakayauza mjini, wakapanda tena jioni na chumvi. Zena, dada yangu, alikuwa na mimba ya miezi saba na bado alishuka. Wewe bibi yako Zena ulimwona akichechemea tu, ukadhani ni uzee. Subiri, utajua.

Mjomba wetu, aliyekuwa mkubwa wa ukoo siku hizo, hakupenda kumwona vile. Kwetu Waluguru mtoto anafuata ukoo wa mama, na aliyeko tumboni mwa dada yako ndiye atakayeshika jina lako ukifa. Mjomba akatenga mbuzi sita wa ukoo, akanikabidhi, akaniambia niende nikatafute punda wa kubeba matenga. Akanipa agizo moja tu, akalirudia mara mbili: nimpandishe mlima na mzigo, nimteremshe na mzigo, ndipo niwaache mbuzi. Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi, mwanangu, hata kasuku anaitikia.

Pale mjini palikuwa na mtu mmoja wa pwani aliyefuga punda, mtu mpole, mnyoofu. Alikuwa na punda wa kazi kadhaa, na alikuwa na huyu mweupe, aliyeshinda mashindano ya sikukuu ya Wajerumani miaka miwili nyuma. Karani wa boma alinisomea gazeti lililoandika habari yake: filimbi ilipolia, alitoka kwenye kamba akafika kwenye nguzo ya kwanza kabla mtu hajahesabu kumi. Nikamwomba anisomee tena. Akanisomea, na mimi nikahesabu kwa vidole, nikaona kweli, kumi haijafika. Tangu hapo sikutaka punda mwingine.

Yule mtu wa pwani mwenyewe alinionya. Alisema punda huyu tangu mashindano amesombeshwa mawe ya reli, nimchukue mpaka kwenye mteremko wa Bigwa nimjaribu siku mbili tatu bila kulipa kitu. Nikamwambia hakuna haja, gazeti limeshamjaribu. Ndiyo, hayo maneno yalitoka kinywani mwangu, na meno yangu yote yakiwamo. Akawapokea mbuzi huku anatikisa kichwa.

Kupanda alipanda. Watoto wa kijiji walimkimbilia, wakahesabu kumi, akakimbia, wakashangilia. Mjomba aliuliza kama nimemteremsha na mzigo. Nikasema ndiyo. Nilimdanganya mjomba wangu usoni, mchana kweupe, kwa ajili ya punda.

Siku ya tatu tukashuka. Matenga mawili mgongoni mwa punda, Zena mbele ameshika kamba, kaizungusha kwenye kifundo cha mkono kwa sababu njia ilikuwa na utelezi. Mimi nafuata nyuma mikono mitupu, nasalimia watu, nawasubiri waniulize habari za punda wangu. Nilipaswa kushika kamba mimi. Hilo nimelijua kila siku tangu siku hiyo.

Tulipofika kwenye mteremko wa mwisho juu ya Bigwa, treni ikapiga filimbi stesheni.

Punda akafanya alichofundishwa, alichosifiwa gazetini. Alitoka pale aliposimama, na nakuapia, sikufika hata tano. Kasi ilikuwepo yote. Kilichokuwa kimekwisha ni miguu ya mbele, ile inayomzuia mnyama kwenye mteremko. Alitaka kusimama akashindwa, mzigo ukamsukuma, na Zena akaburutwa na kamba mpaka kwenye mawe ya mtoni.

Tulimpandisha kwa machela. Wanawake wakafunga mlango, na mimi nikakaa nje siku tatu nasikiliza. Nyonga ilikuwa imevunjika, na damu ilikuwa inatoka, na hakuna aliyejua kama mtoto yuko hai. Nililia, mwanangu. Sina aibu kukuambia.

Mjomba hakunitukana. Siku ya tatu alikuja, akakaa kando yangu, akaniomba lile gazeti. Nikalitoa kwenye kofia. Akaliweka juu ya goti lake, akalinyoosha vizuri, kisha akanisogezea.

"Tafuta hapo palipoandikwa Zena."

Sikujua kusoma, lakini nilijua kwamba jina lake halimo. Ningejua kusoma lisingekuwamo vilevile.

Mtoto akacheza tumboni jioni ile, wanawake wakapiga vigelegele. Zena aliponiruhusu niingie, alikuwa amelala ubavu, uso umekonda. "Lumbu," aliniambia, maana hivyo ndivyo kaka na dada tunavyoitana huku mlimani, "tenga langu utalibeba wewe. Kichwani. Na punda wako umtembeze nyuma yako, hana kitu, mpaka watu wamwone."

Unajua maana yake? Kijana mwenye ndevu kubeba tenga la ndizi kichwani kama mwali, na punda anamfuata kama mgeni wa heshima. Mjomba aliona adhabu ni kubwa, akataka kunipunguzia. Nikakataa. Nilitia ngata kichwani, nikabeba. Nilishuka kila siku ya soko, wakanicheka kutoka Bigwa mpaka stesheni, wakanihesabia njia nzima: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Ndiyo maana mpaka leo wazee wenzangu wananiita Kumi, na nyinyi mnadhani ni jina la mababu.

Siku moja askari wa boma akanizuia, ananicheka mbele ya watu, akaniamuru nimpakie punda mzigo kwa sababu naichafua sifa ya punda aliyewafurahisha mabwana. Nikamtazama.

"Mzigo ni wangu," nikamwambia. "Sifa ni yenu, ichukueni."

Nilichapwa viboko kwa jibu hilo, na tenga likarudi kichwani palepale. Mgongo uliniuma, lakini ndani nilikuwa nimenyooka kwa mara ya kwanza tangu nimnunue yule mnyama.

Baadaye nilimrudisha kwa mtu wa pwani. Angeweza kunifukuza, alinipa badala yake jike la kijivu, sikio moja limekatika, halina hata jina. Nilimpandisha na mzigo nikamteremsha na mzigo siku nne, mpaka yule mtu wa pwani akachoka kunitazama. Yule jike alitembea taratibu, na kila kona ya mteremko alisimama, akapima, ndipo akashuka. Alitubebea mpaka Wajerumani wakaondoka. Hakuna aliyemwandika popote.

Sasa usinijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo kila mtu anaijua na kila mtu anakimbia. Wala sisemi gazeti lako ni la uongo. Langu lilisema kweli tupu, na kweli hiyo ndiyo iliyomvunja dada yangu. Lako limeandika motokaa ilipokuwa mpya, kwenye barabara iliyonyooka, na dereva anayelipwa kuikimbiza. Tangu siku hiyo imepita mikononi mwa watu wangapi? Imekanyaga mashimo mangapi ya njia ya Dumila? Mwendo wake wa ujana sio unaoununua. Unanunua uzee wake, na uzee wa chombo hauandikwi, unapimwa.

Basi shika hili. Anayekimbiza kwenye mashindano na azisome hizo sekunde, ni kazi yake. Wewe unaniambia unataka kumshusha mama yako hospitali, kwa sababu magoti yake hayamruhusu tena. Mkalie kooni yule mwalimu mpaka akuachie motokaa siku nzima. Ipandishe huku mlimani na watu wanne ndani, uiteremshe nao. Kanyaga breki kwenye ule mteremko wa mwisho juu ya Bigwa, na mimi nitakuwa nimekaa mbele kando yako, nione inasimama wapi. Ikisimama pale nitakaposema, kahawa yote chukua. Isiposimama, nitakataa mbele ya ukoo mzima, hata wanisusie.

Maana yule aliyecheza tumboni mwa Zena jioni ile ndiye mama yako. Nilishamteremsha mteremko ule mara moja kwa kuamini gazeti, kabla hajazaliwa. Hatateremka hivyo mara ya pili nikiwa hai.

Mungu akupe chombo kinachosimama, mwanangu, na akupe mwendo wa kukurudisha nyumbani. Na siku utakapoitwa mjomba, akupe shingo ngumu kama yangu. Amin.