Kibendera cha Mwalimu Luan

Mara ya kwanza nilimwona Mwalimu Luan Jumapili ya mwisho ya msimu, mwezi wa Novemba, kwenye uwanja wa mpira wa mgodi wa makaa hapa Fushun. Theluji ilikuwa ikija kwa mikupuo, inaanguka kidogo, inakatika, inarudi. Mechi ilikuwa karibu kuanza kipaza sauti kilipotangaza kwamba mshika kibendera aliyepangwa, mtu wa mkoa mwingine, amekwama njiani, na nafasi yake itachukuliwa na Luan Shoutian, mwalimu wa michezo wa sekondari ya hapa hapa mjini.

Jukwaa lilishangilia kana kwamba tumeshafunga. Gao Mnene, muuza nyama aliyekuwa kiongozi wa ngoma za mashabiki, akapiga ngoma mara tatu na kuita, "Mwalimu! Leo macho yako ni ya kwetu, umesikia?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakugeuka. Alikuwa mrefu, mwembamba, masikio makubwa yaliyoiva kwa baridi, na alikuwa akikikung'uta kibendera chake ili theluji isikilemee.

Timu yetu ya Wachimbaji ilihitaji bao moja tu ibaki daraja la pili. Sare ilimaanisha kushuka, na mgodi ulikuwa umeshasema wazi kwamba hautalisha timu ya daraja la tatu. Mimi nilikaa mahali pangu pa siku zote, upande wa mashariki, ngazi ya tisa, penye zege lililobomoka ambapo watu hawapendi kukaa. Pale uko sawasawa na ukingo wa eneo la penalti. Goli huwezi kuliona vizuri kwa sababu ya vichwa vya watu, kwa hiyo mazoea yangu yalikuwa kutazama mabeki.

Dakika ya themanini na nane mpira mrefu ukapigwa kutoka katikati. Mabeki wa wageni wakapanda mbele wote kwa pamoja, kama watu waliovutwa na kamba moja. Mshambuliaji wetu akabaki peke yake, akaupokea, akafunga. Kabla sijasikia mlipuko wa sauti za watu nilikuwa nimeshaona: mpira ulipopigwa, alikuwa amewazidi mabeki kwa bega na kiuno. Ameotea. Mwalimu Luan alikuwa nyuma ya mstari wa mabeki hatua tatu nzima, anakimbia kuufikia. Akasimama. Akainua kibendera.

Kisha ikaanza kelele ambayo kila mtu wa mpira wa kwetu anaijua, ile tunayompigia refa aliyenunuliwa. "Filimbi nyeusi! Filimbi nyeusi!" Watu elfu nane. Walirusha mipira ya theluji, chupa, viatu. Mtu wa kushoto kwangu alikuwa analia machozi huku anapiga kelele. Akanishika mkono akaniinua, nami nikasimama, nikapiga kelele pamoja nao. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Mechi ile haikuonyeshwa na televisheni yoyote. Hakukuwa na picha ya kurudia. Kulikuwa na macho ya watu tu, na macho ya watu yalikuwa yameshaamua.

Timu ikashuka. Masika yalipofika ikavunjwa, na uwanja ukapandwa mahindi na walinzi wa mgodi. Mji ukabaki na swali moja ambalo kila mtu alikuwa na jibu lake. Kwa nini mtu wa mbali akwame siku ile ile? Nani alimchagua Luan? Nani alimpa bahasha? Walisema ameonekana na koti jipya la ngozi. Walisema binti yake amepelekwa kusoma Qingdao, jiji la ghali la pwani, na Qingdao hakusomi mtoto wa mwalimu wa michezo.

Mimi ni msugua migongo. Niliishia darasa la sita nikaingia bafu la umma, hamamu ya Barabara ya Tatu, kubeba maji, baadaye nikapewa kitanda na glavu. Kazi yenyewe watu wanaijua: mteja anajiloweka kwenye dimbwi la maji moto, anaitwa namba yake, analala kitandani, unamsugua mpaka taka zinatoka kama nyuzi. Kofi moja begani maana yake geuka. Asiye na hela ya msuguaji humwomba mtu wa jirani, "Kaka, tubadilishane mgongo?" Huyu anamsugua yule, yule anamsugua huyu, hata kama hawajuani. Kwetu hilo halikataliwi. Hata mtu mliyegombana naye, akikuomba mgongo ndani ya hamamu, unamsugua, halafu nje mnaendelea na ugomvi wenu.

Mwalimu alianza kuja kwangu miezi mitano baada ya mechi ile. Alikuja Alhamisi saa saba mchana, saa ambayo wazee wa asubuhi wameondoka na wachimbaji wa zamu ya kwanza hawajapanda juu. Nilikuwa nakula maandazi yangu ya kabichi kando ya kitanda. Nilimtambua kwa masikio.

Nilipolitundika koti lake, nikaona bitana yake. Ilikuwa imetiwa viraka vya shuka la zamani, na ngozi yenyewe ilipakwa rangi ya viatu.

Nilimsugua kifua na mikono. Nilipompiga kofi ageuke, akauliza huku amelalia uso, "Fundi, wewe ni mtu wa mpira?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilichosema ni hiki: "Mpira siujui, Mwalimu. Kazi inanibana."

Nikaona mgongo wake wote unalegea chini ya glavu yangu. "Basi vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Tangu siku ile akawa wangu wa kila Alhamisi kwa miaka kumi. Mazungumzo yetu hayakuwa mengi. Aliniambia mke wake amehamia Qingdao kwa dada yake, na binti akaenda naye, na dada huyo ndiye anayelipa ada. Aliniambia shuleni wamemtoa uwanjani kwa sababu wanafunzi walikuwa wanapiga miluzi kila akipita, sasa anatunza stoo ya mipira. Aliniambia jinsi ya kutia chumvi kabichi ya mtu mmoja. "Sisi tumezoea mtungi mzima," alisema. "Ukiwa peke yako, mtungi unakusuta mpaka Machi." Vuli moja aliniletea bakuli la kabichi hiyo, limefungwa kwa gazeti. Ilikuwa na chumvi mno. Nilikula yote.

Kila Alhamisi nilikusudia kumwambia. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Lakini kila wiki iliyopita iliifanya ya mbele yake kuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa ningepaswa kueleza pia kwa nini sikusema wiki iliyopita.

Halafu ukaja mwaka wa kukamatwa. Marefa wakubwa waliokula rushwa walikuwa wanatolewa kwenye televisheni wakiwa na pingu, viongozi wa mpira nao, na kila jioni mji mzima ulikuwa unasikiliza majina. Katika ukumbi wetu wa kupumzikia, pale watu wanapolala na taulo wakila pea zilizogandishwa na kutema maganda ya alizeti, Gao Mnene alipiga kambi. Alikuja kila siku, akimwagiza Dada Teng, mhudumu wa ukumbi, afungue televisheni.

"Leo zamu ya mkoa wetu," alisema Jumamosi moja alasiri, hamamu ikiwa imejaa. "Dada Teng, ongeza sauti! Mtaona leo. Nimengoja miaka kumi."

Pazia likafunguka, akaingia Mwalimu Luan.

Hakuwahi kuja Jumamosi. Alikuwa amezeeka, mbavu zinahesabika, lakini alitembea wima, taulo begani, akapita mbele ya wote akaketi kwenye benchi la mwisho karibu na televisheni. Nikaelewa. Alitaka majina yasomwe naye akiwepo.

Majina yakasomwa. Kumi na moja. Mtangazaji akasema uchunguzi wa mkoa wetu umefungwa, kisha ikaja hali ya hewa.

Luan hakuwamo.

Dada Teng akapunguza sauti. Mwalimu alimgeukia mtu aliyekuwa karibu naye, kijana mmoja fundi umeme ambaye siku ya ile mechi lazima alikuwa bado shule ya msingi, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, tubadilishane mgongo?"

Yule kijana alimtazama, akamtazama Gao. Akasimama, akajifunga taulo, akaenda kukaa upande wa pili.

"Msugue tu, we!" Gao akaita. "Huenda akakulipa kwa bahasha!"

Kicheko kikazunguka ukumbi.

"Gao, jina halimo," alisema mzee mmoja.

"Halimo ndiyo! Waliokamatwa ni wajinga walioacha risiti. Huyu ni mwalimu bwana, kasoma. Kajificha kuliko wote."

"Lakini kama serikali imesema..."

"Serikali ilikuwepo uwanjani? Mimi nilikuwepo. Haya, nani hapa alikuwepo aseme kwamba lile halikuwa bao? Aseme!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha kusugulia, glavu mkononi, maji yakinidondoka kwenye vidole vya miguu.

"Mwalimu," nikaita. "Njoo. Zamu yako."

Hakuwa na namba. Watu wawili waliokuwa na namba walinung'unika, lakini akaja, akalala. Nikammwagia maji nikaanza na mikono. Ngozi yake ilikuwa kavu kama karatasi ya kufungia sukari.

"Nilidhani wakisoma orodha itakwisha," akasema.

Nikampiga kofi. Akageuka, uso chini.

"Fundi, wewe mpira huujui, kwa hiyo nitakuambia wewe. Sikuona. Siku ile sikuona. Mabeki walipanda ghafla nikaachwa nyuma, na theluji ilinijaa machoni. Nikasikia wale wote nyuma yangu, mtoto wa nyumbani, mtoto wa nyumbani. Nikaogopa. Nikajiambia, nikikubali bao hili, watasema nimewapendelea watu wangu. Mkono ukapanda wenyewe. Bahasha sikupokea. Lakini huenda niliua timu hii kwa kuogopa kusemwa. Hilo silijui, na hakuna wa kuniambia. Lingekuwa kosa, ningelibeba. Kutojua ndiko kunakonimaliza."

Glavu yangu ilikuwa imesimama katikati ya mgongo wake.

"Alikuwa ameotea," nikasema.

"Nini?"

"Aliotea, Mwalimu. Bega na kiuno. Nilikuwepo. Upande wa mashariki, ngazi ya tisa, sawa na ukingo wa penalti. Nilimwona kabla mpira haujashuka. Ulikuwa sahihi."

Akainuka kwa viwiko, akanigeukia. Alinitazama usoni kwa muda ambao hakuna mteja aliyewahi kunitazama. Niliona anataka kuamini, anataka kwa nguvu, kama mtu anayenyoosha mkono kwenye moto wa jiko.

"Unasema kweli?"

"Kweli tupu."

"Basi nenda kawaambie wale." Alionyesha pazia kwa kidevu. "Gao ameuliza sasa hivi. Maneno mawili tu, kisha rudi unimalizie."

Nikaivua glavu. Nikaenda. Hatua ni saba kutoka kitandani hadi kwenye pazia. Nimezipita maisha yangu yote. Nikalisogeza pazia. Ukumbi ulikuwa umeshahamia kwenye mambo mengine, mtu anasimulia juu ya bei ya makaa, Gao anamenya pea kwa meno, maji yake yanamtiririka kidevuni. Akaniona.

"Fundi Sui! Vipi, zamu yangu?"

Nyuso zote zikanigeukia. Watu ninaowasugua kila wiki, migongo yao naijua kuliko wake zao. Nikafungua mdomo.

"Bado," nikasema. "Wawili mbele yako."

"Usiimalize glavu kwa yule, tubakizie na sisi!" akaita, na wakacheka tena.

Nikalirudisha pazia. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, miguu ikining'inia. Alikuwa amesikia, pazia ni kitambaa tu. Sikuweza kumtazama. Nikachukua ndoo nikammwagia maji ya kumaliza, mara mbili, polepole, ya pili moto zaidi kama alivyopenda. Nikamsaidia kujifuta mgongo. Hakuonyesha hasira. Ningefurahi angekasirika.

Mwezi ule ule alikwenda Qingdao kwa binti yake. Dada Teng ndiye aliyeniambia. Alhamisi zangu zikawa tupu saa saba mchana.

Lakini Jumamosi ile, alipokwisha kuvaa koti lake na kulifunga vifungo vyote mpaka shingoni, alirudi mara moja chumbani kwangu, nikiwa nasafisha kitanda. Akaniwekea mkono begani. Mkono wake ulikuwa bado na joto la maji.

"Asante kwa kunifariji, Fundi," akasema. "Ila usijisumbue tena. Mtu mwema kama wewe, ungekuwepo uwanjani siku ile, ungekuwa umeshasema."