Mlinzi wa Chumba cha Vyungu

Mlinzi wa chumba cha vyungu katika makumbusho yetu hutembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Mtoto akigusa kioo cha kabati la vyungu, mlinzi hukipulizia pumzi, akakisugua kwa kiwiko, huku akimtazama mzazi. Siku za likizo, familia zinapokuja kufinyanga udongo uani, husugua mpaka koti linang'aa kuliko kioo. Jana binti mmoja mdogo alimletea chungu chake kibichi, kimepinda mdomo.

"Babu, kiweke na vile vingine."

"Vile ni vya watu wa kale, mjukuu wangu."

"Kwa hiyo ningoje nizeeke?" Machozi yalikuwa yameshamlenga.

Babu akakohoa. Ufunguo wa kabati hana. Alikiweka kwenye kiti chake, akasimama kando hadi jioni, akiwaambia wageni kwa sauti ya chini, "Taratibu, hiki bado kinakauka."